BAKSHISHI KWA WABEBAJI: NI HAKI AU NI HISANI?

Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii hunijia akilini kila mwisho wa mwezi hapa Tassia, wakati pikapu na mikokoteni hujaa makochi, magodoro na mitungi ya gesi. Watu wanahama. Vijana wa kubeba hupanda na kushuka ngazi hadi jasho likawatiririka, kisha swali huzuka: "Mama, na ya chai je?" Hapo wengi hukwama. Je, ni lazima kuwapa?

Msomaji mpenzi, kwanza tutofautishe mambo matatu. Ujira ni malipo mliyopatana kabla ya kazi. Huo ni deni. Bakshishi ni shukrani itolewayo kwa hiari baada ya kazi. Hiyo si deni. Hongo ni pesa za kumpinda mtu akupe kisicho haki yako. Taabu ni kwamba sisi Wakenya tumeyafunika yote kwa neno moja, "chai", mpaka mtu mwaminifu huona haya kutoa na mwenzake huona haya kupokea.

Chukua mfano wa jirani yetu aliyehamia orofa ya tano. Wabebaji waliliacha kochi kwenye ngazi za orofa ya tatu, wakasema haliendi popote mpaka waongezwe mia tano. Majirani walipiga kelele, "Huo ni wizi!" Kweli, pesa za kulazimishwa si bakshishi. Lakini tuseme ukweli wote: jirani alikuwa amewaambia nyumba iko orofa ya pili, na ghorofa zetu nyingi hazina lifti. Walichodai vijana wale kilikuwa ujira wa orofa tatu zilizofichwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Hakuna sheria ya Kenya inayomlazimisha mteja kutoa bakshishi. Marekani ni desturi kuwapa wabebaji. Japani mara nyingi hukataliwa. Kila nchi na mila zake. Hata ukiita kampuni yenye lori na mkataba, usidhani pesa zote ulizolipa ofisini zimemfikia aliyebeba friji lako mgongoni.

Ukiamua kutoa, zingatia haya:

Kwanza, toa baada ya vyombo vyote kuingia na kuhesabiwa. Ukitoa mapema, utaonekana unawabembeleza wasivunje sahani.

Pili, mpe kila mmoja mkononi. Nimewahi kuona dereva akitia mfukoni chai ya watu wanne. Ukituma kwa M-Pesa kwa mmoja wao, taja kiasi hicho wote wakisikia.

Tatu, pima kazi yenyewe: ngazi, mvua, uangalifu wao. Mia moja kwa kila mtu si aibu. Kama huna, maji baridi au chai ya kweli na mandazi, pamoja na neno "asanteni", pia ni shukrani.

Nne, usipunguze ujira kwa ahadi ya bakshishi. Wako wanaosema, "Nibebeeni kwa elfu moja tu, chai mtapata huko mbele." Wakifika huko mbele, mlango hufungwa! Huo ni udanganyifu mtupu.

Mtaa wa Kariokor hapa Nairobi na ule wa Kariakoo kule Dar es Salaam ilipata majina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika katika Vita vya Kwanza vya Dunia (1914-1918). Wapagazi hao walikufa kwa maelfu. Majina ya mitaa yamebaki kama ukumbusho, lakini ujira wa wengi waliokufa haukuwafikia jamaa zao.

Kwa hivyo wenzangu, jibu langu ni hili: ujira ni haki, bakshishi ni hisani. Lipa haki kwanza, yote, bila kuvutana. Hisani ifuate, kwa moyo mkunjufu.