Gari linavuma nyuma: ni difu, au ni beringi ya gurudumu?

(Muziki unapungua.)

MTANGAZAJI: Ndugu msikilizaji, kama unaendesha Hilux ya abiria kati ya Dagahaley, Ifo na Hagadera, au una jamaa anayepiga safari ya Dhobley, Afmadow hadi Kismayo, mlio wa nyuma ya gari usiuzoee. Beringi ya difu ikikwama gari likiwa mwendoni, magurudumu ya nyuma hujifunga. Pakiwa na watu waliokaa juu ya mizigo, unajua kitakachotokea.

Kwanza sikiliza. Likivuma ukikanyaga mafuta na kunyamaza ukiachia, shuku krauni na pinioni. Likinguruma wakati wote, mara nyingi ni beringi za difu. Mlio ukibadilika ukikata kona, usifungue difu bado: huenda ni beringi ya gurudumu, kazi iliyo nafuu zaidi. Na ule mlio wa "ko!" wakati wa kuondoka mara nyingi ni krosi za propela. Wapo walioshusha difu nzima bure kwa sababu ya krosi.

Kisha angalia oili. Egesha pahali tambarare, acha difu ipoe, weka mawe magurudumuni. Fungua bolti ya juu, ya kujazia, kabla ya ile ya chini. Ukimwaga kwanza, halafu ya juu ikakataa, gari limelala hapo. Ingiza kidole: oili iwe sawa na mdomo wa tundu. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Hilo hulipata gari lililovuka mafuriko, au lililoshushwa ufukweni kupakia samaki, na maji ya chumvi hula beringi upesi. Imwage yote leo.

Kama bolti ya chini ina sumaku, uji mweusi laini juu yake ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyokwaruza kidole ni meno yanayokatika. Gari hilo lisitoke na abiria.

Jaza oili ya difu, 80W-90 yenye alama ya GL-5. Ya injini haifai. Ukinunua gari kuukuu, chungua vizuri: wapo wauzaji wanaotia maganda ya ndizi au unga wa mbao ili difu inyamaze siku mbili.

Oili mpya hairudishi chuma kilicholika. Krauni na pinioni hubadilishwa pamoja, kwani zimesagwa pamoja kiwandani; moja mpya na nyingine kuukuu zitalia tena. Muulize fundi atapimaje nafasi ya meno. Akikujibu kwamba anakadiria kwa mkono, tafuta mwingine.