Kumulika na Kuvuta: Taa ya Mvuvi wa Usiku Pwani na katika Ziwa Kivu

Tuchukue sentensi ya mfano: "Mvuvi alimmulika gayogayo, akamchoma papo hapo." Msomaji wa Lamu au wa Pemba haoni ugumu wowote hapo. Mwanafunzi wa mtaa wa Mapendo, mjini Goma, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya kila siku, anaweza kuisoma sentensi hiyohiyo bila kukwama na akatoka na picha isiyokuwamo: mvuvi amewasha taa ziwani, samaki amekuja, akabanikwa juu ya makaa kabla hata ya kufika nyumbani. Kila neno amelielewa kwa namna fulani, na tukio lote limempotea. Kosa la namna hii halionekani katika mtihani wa sarufi, na kwa sababu hiyo linastahili kuangaliwa. Makala haya yanakusudia kueleza uvuvi unaotajwa katika sentensi hiyo jinsi unavyofanyika pwani, na kuulinganisha na uvuvi wa usiku ambao msomaji wa Goma anaujua zaidi, yaani ule wa sambaza.

Gayogayo ni jina la samaki bapa wa baharini ambao hulala chini juu ya mchanga au tope. Ubapa wake ni wa ajabu. Mtoto wa gayogayo huanguliwa akiwa kama samaki wengine, jicho moja kila upande wa kichwa. Anapokua, jicho moja huhama, likapanda juu ya kichwa na kuingia upande wa pili. Tangu hapo samaki huyo huishi akiwa amelala ubavu: ubavu wa chini huwa mweupe au uliofifia, na ule wa juu, wenye macho yote mawili, huwa na rangi ya mahali alipo. Anaweza kuibadilisha rangi hiyo kwa kadiri ya mchanga unaomzunguka, kisha akajitikisa na kujifukia kidogo hata yakabaki macho tu. Wafaransa humwita mmoja wa jamaa zake sole, jina litokanalo na neno la Kilatini lenye maana ya ndara, na atazamaye umbo lake hatashangaa. Wanafunzi wetu, ambao husoma kamusi za Kifaransa kabla ya za Kiswahili, wajihadhari wasije wakamwita samaki huyu kwa jina la sehemu ya kiatu.

Kwa kuwa gayogayo hutegemea kujificha kuliko kukimbia, hana haja ya kuondoka mtu anapokaribia. Hapo ndipo mkuki unapopata nafasi. Wavu wa kutega katikati ya maji humpita juu. Lakini mtu anayetembea polepole katika maji ya magotini, akiwa na mwanga na macho yaliyozoea, humkuta mahali pake.

Saa ya kwenda haichaguliwi na mvuvi, huchaguliwa na bahari. Msomaji wa Kivu hana budi kukumbuka kuwa ziwa lake halina kupwa na kujaa. Katika pwani ya Afrika Mashariki maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo huweza kufikia mita 3 na zaidi. Siku hizo katika Unguja na Mombasa maji hujaa karibu na saa kumi na hukupwa karibu na saa nne, mchana na usiku. Kwa hiyo bamvua la mwezi mwandamo humletea mvuvi mambo mawili kwa pamoja: saa nne ya usiku mchanga na nyasi za bahari hubaki na maji machache, na mbingu huwa na giza totoro. Siku za maji mafu, bahari inaposhuka kidogo tu, safari haina faida kubwa.

Taa ya zamani ilikuwa mwenge wa makuti makavu. Baadaye ikaja karabai, ambayo jina lake linatokana na karabidi, ile dawa ambayo ikiguswa na maji hutoa gesi ya asetilini ya kuwaka. Jina likabaki hata taa zilipogeuka kuwa za mafuta na za kupigwa pampu. Leo tochi za betri zimechukua nafasi kubwa. Silaha ni mkuki mwepesi wa mkono au chuma kilichonolewa. Chusa, ambalo ni neno linalopatikana zaidi katika kamusi, ni mkuki wenye kulabu na kamba, wa samaki wakubwa, na halifai kutumiwa kwa kila chuma chenye ncha. Wala mkuki wa mkono si bunduki ya mishale ya mpigambizi, ambayo Kenya iliipiga marufuku mwaka wa 2001. Mwenye kufasiri sheria au habari za uvuvi akivichanganya vitu hivi viwili, anaweza kumtia hatiani mtu asiye na hatia, walau katika karatasi.

Kumwona samaki hakutoshi, kwa maana maji hudanganya. Mwanga hupinda unapotoka majini kuingia hewani, na samaki aliye katika kina cha sentimita 40, akitazamwa kutoka juu, huonekana kama yuko katika sentimita 30. Akitazamwa kwa mshazari, huonekana juu zaidi ya mahali alipo, na mkuki uliolengwa pale anapoonekana humpita kwa juu. Basi mvuvi hulenga chini ya anachokiona. Au hutanguliza ncha ya mkuki majini taratibu, ili ncha na samaki vipotoshwe na maji kwa kiasi kimoja, kisha hukandamiza kwa ghafula mpaka mchangani.

Hatari kubwa ya kazi hii ina jina linaloweza kumchekesha mwanaisimu: taa. Taa huyu ni samaki bapa mwingine, mwenye mkia mrefu na mwiba wa sumu, naye hujifukia mchangani vilevile. Tofauti ni kwamba taa hulala kifudifudi, ilhali gayogayo hulala ubavu. Mvuvi mwenye taa mkononi huburuta miguu badala ya kuinyanyua, ili taa aliye chini aguswe pembeni akimbie, asije akakanyagwa mgongoni. Ngeli ndiyo inayowatenganisha wawili hao: taa imewaka, taa amejificha.

Sasa turudi kwenye kitenzi kuchoma. Pwani kitenzi hiki kina maana mbili zilizo hai sawasawa: kutia kitu chenye ncha na kutia motoni. Mwiba huchoma na moto huchoma. Katika mazungumzo ya Goma maana ya moto ndiyo inayotangulia, na kwa ncha watu hupenda kusema kutoboa. Msomaji aliyepata samaki wa kubanikwa katika sentensi yetu hakukosea lugha yake, alikosa kuelezwa.

Kitenzi kumulika kina tatizo lililojificha zaidi. Ziwani Kivu usiku pia huwashwa taa, lakini kazi yake ni nyingine. Sambaza, ambaye wataalamu humwita Limnothrissa miodon, si mwenyeji wa ziwa hili: aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, pamoja na jamaa yake mmoja ambaye hakustawi. Mchana hukaa chini zaidi, usiku hupanda karibu na uso wa maji akifuata viumbe vidogo sana anavyovila. Wavuvi huunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, hushusha wavu chini, na hutundika taa juu ya maji. Kisha hungoja. Samaki hukusanyika penye mwanga, na wavu huinuliwa kutoka chini yao. Hakuna anayemtafuta samaki mmoja kwa macho, wala hakuna anayetembea, kwa kuwa kingo za ziwa hili mahali pengi hushuka ghafula.

Pwani, basi, taa humwonyesha mtu samaki. Ziwani humwonyesha samaki mahali pa kwenda. Katika sentensi ya pwani samaki ni yambwa: humulikwa, huchomwa. Katika maelezo ya ziwani yeye ndiye kiima: huja, hupanda, hukusanyika. Kamusi zinazoridhika na maelezo kama "vua usiku kwa kutumia taa" huziweka kazi hizi mbili katika mfuko mmoja. Kwa mwalimu hilo ni usumbufu mdogo. Kwa mwenye kueleza kanuni za uvuvi ni jambo zito. Mwenye mkuki humwona samaki kabla ya kumuua na anaweza kumwacha aliye mdogo. Mwenye taa ya kuvuta hachagui, na kama macho ya wavu wake ni madogo mno, watoto wa sambaza hupanda pamoja na wazazi wao. Huko ni wavu unaopaswa kupimwa, si mkono wa mvuvi.

Wavuvi hawa wawili hukutana katika jambo moja, nalo ni mwezi. Unapokuwa mpevu, bamvua hukausha pwani vizuri, lakini mwangaza wa juu huufifisha ule wa mkononi; na juu ya Kivu sambaza hutawanyika, kwa sababu taa ya mtumbwi haina tena giza la kushindana nalo. Usiku huo mitumbwi mingi hubaki imefungwa.