Jumamosi, saa nne asubuhi, Val Thorens

Mama, msafishaji wa fleti za kifahari, akiingia kwenye fleti ambayo wageni wametoka sasa hivi, huanzia kwenye chumba cha viatu. Ukutani kumechomoza mirija ya chuma, miwili miwili, inayopuliza hewa ya vuguvugu. Usiku buti za skii huvishwa juu yake, soli zikielekea dari, ili asubuhi ziwe kavu. Mama anaweka kiganja kwenye mdomo wa kila mrija, anasubiri hadi ahisi joto, kisha anahamia unaofuata. Fleti ina vitanda kumi, kwa hiyo mirija ni ishirini. Haruki hata mmoja.

"Sauna ikikataa kuwaka, mgeni atavumilia mpaka kesho," anasema. "Lakini akivaa buti lenye maji saa mbili asubuhi, mguu unaganda mlimani. Hapo simu inalia kabla sijashuka kwenye basi."

Mimi nilikuwa nimefuata habari ya bei za kukodi fleti. Val Thorens, katika mkoa wa Savoie nchini Ufaransa, uko mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na ndio mji wa skii ulio juu kuliko yote Ulaya. Ulijengwa kuanzia miaka ya 1970 mahali ambapo mti hauoti. Pamoja na Courchevel, Méribel na majirani wengine unatumia njia za kuteleza zipatazo kilomita 600. Kadiri theluji inavyopungua kwenye milima ya chini, wapangaji wanazidi kulipia urefu huu. Hayo yanajulikana. Kilichonishika ni ile mirija, na yule anayeipima.

Fleti hukodishwa kwa wiki, Jumamosi hadi Jumamosi. Wanaoondoka wanatakiwa wawe nje saa nne asubuhi, na wanaokuja wanakabidhiwa ufunguo saa kumi na moja jioni. Katikati ya hapo karibu mji mzima unabadilisha watu. Magari yanapanda kwa foleni kutoka Moûtiers, yanashusha mizigo, kisha yanaondolewa mitaani na kupelekwa kwenye maegesho. Mama, mzaliwa wa Bukavu, analala huko huko Moûtiers, bondeni, karibu mita 1,800 chini ya vitanda anavyovitandika. Chumba cha kupanga huku juu hakimudu.

Katika fleti ya kawaida mpangaji huosha vyombo na kusafisha jiko mwenyewe, la sivyo amana yake inakatwa. Katika fleti ya kifahari haoshi hata kijiko. Kazi hiyo inahamia kwenye Jumamosi ya Mama na mwenzake: sufuria zenye jibini iliyogandia, mashuka ya vitanda kumi, beseni la maji moto lililoko barazani, vioo vikubwa vinavyotazama mlima na ambavyo mtoto amevichafua kwa vidole vyenye chokoleti. Kisha kuhesabu. Glasi, sahani, uma ndefu za kuchovyea mkate kwenye jibini. Ikipungua moja, lazima aripoti kabla gari la mgeni halijafika mbali.

Yapo pia mambo ambayo hayamo kwenye mkataba wake wa msimu. Kwa urefu huu maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, na maharage yanakaa motoni hadi mpishi akate tamaa. Kwa hiyo sufuria ya presha huiweka mbele kabatini, mahali ambapo hata mgeni asiyejua jiko ataiona. Kando ya kila kitanda anaacha jagi la maji, kwa sababu hewa ni kavu na usiku wa kwanza wengi huamka na kichwa kinachogonga. "Hawajui ni nani ameyaweka," anasema. "Mimi najua kwamba wamelala."

Kodi ya wiki moja ya Februari katika fleti kama hii inazidi mshahara wake wa miezi kadhaa. Nilipomtajia, aliendelea kukunja taulo. Saa tisa ilikuwa imepita na bado kulikuwa na fleti nyingine ghorofa ya juu.

Baadhi ya wakodishaji sasa wanapokea wageni Jumapili ili barabara ipate nafuu. Nilimuuliza kama hilo litampunguzia mzigo.

"Jumapili ndiyo siku ninayowapikia wanangu. Mama mwingine atapewa Jumamosi na mimi nitapewa Jumapili, au nitapewa zote mbili? Hilo bado hatujaambiwa."

Kwenye ofisi ya ukodishaji nilijibiwa kwamba siku za kufika hupangwa kwa kufuata wateja. Niliuliza ni nani amezungumza na wasafishaji. Walinipa orodha ya bei.