Tusiiogope Dawa ya Kuvuta

Katika majumba yetu ya Pwani pumu ni maradhi yanayojulikana, lakini dawa yake bado inaogopwa. Mara nyingi tunasikia ikisemwa: "Mtoto asizoeshwe kuvuta dawa, hataiacha tena." Kwa neno hilo, mtoto hunyweshwa dawa ya maji ya kikohozi usiku baada ya usiku, na kifua kinazidi kubana.

Wazazi wenzetu, pumu ni uvimbe wa kudumu ndani ya njia za hewa. Unapochokozwa na moshi, vumbi au mafua, misuli inayozizunguka njia hizo hukaza, ute mzito hujaa, na pumzi hutoka kwa mluzi, hasa usiku wa manane na alfajiri. Maradhi haya hayaambukizi.

Dawa za kuvuta zitumiwazo sana ni za aina mbili. Salbutamoli hulegeza misuli kwa dakika chache. Hiyo ni ya kuokoa. Ile yenye steroidi hutuliza uvimbe wenyewe, na hutumiwa kila siku kama alivyoagiza daktari, hata mgonjwa anapojiona mzima. Baada ya kuivuta, asukutue na kuyatema maji. Anayetegemea ya kwanza peke yake hupepea moshi na kuuacha moto ukiwaka.

Wala kuvuta si kuzidisha dawa. Vuto moja la salbutamoli kwa kawaida lina mikrogramu 100. Kidonge cha miligramu 4 kina mara 40 ya kiasi hicho, nacho huzunguka mwili mzima kabla ya kufika kifuani. Dawa ya kuvuta huelekea mapafuni moja kwa moja. Haileti uraibu: mgonjwa huirudia kwa kuwa maradhi yapo, kama mwenye macho dhaifu arudiavyo miwani yake. Dada mjamzito naye asiiache bila ya shauri la daktari, kwani pumu isiyodhibitiwa humdhuru yeye na kilicho tumboni.

Nyumbani tuna kazi yetu pia. Chetezo cha udi na ubani kisifukizwe chumbani mwa mwenye pumu. Jiko la makaa likae nje penye upepo, chandarua kichukue nafasi ya dawa ya mbu ya kuchoma, na sigara isivutwe ndani kabisa.

Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mbavu zikibonyea anapovuta hewa, midomo ikigeuka rangi, au dawa ya kuokoa isipomsaidia, apelekwe hospitali saa ileile, huku akiendelea kuivuta njiani. Tusingoje kupambazuke.

Kujitibu ni katika mafundisho tuliyolelewa nayo. Mtoto mwenye pumu aliyepata dawa yake sawasawa hucheza, husoma na hulala kama wenzake. Tusimnyime hayo kwa hofu isiyo na msingi.