Stempu za barua: Pima uzito kabla ya kufunga safari hadi Lodwar

KWA mkazi wa Kerio anayetaka kutuma barua, gharama haiishii kwenye stempu. Kuna nauli ya kwenda Lodwar na kurudi, na huenda siku nzima ikaishia njiani. Akirudishwa nyumbani kwa kukosa shilingi chache, safari ni ile ile tena.

Malipo ya barua hutegemea uzito, ukubwa wa bahasha na mahali inakopelekwa. Ngazi ya kwanza ya uzito huishia gramu 20. Barua ikizidi hapo, hata kwa gramu moja, hutozwa bei ya ngazi inayofuata.

Mizani si lazima. Karatasi moja ya A4, ile ya kawaida ya gramu 80 kwa mita mraba, ina uzito wa karibu gramu 5. Basi karatasi nne ni gramu 20. Laza rula ya shule juu ya penseli hadi isiegemee upande wowote. Kunja karatasi nne tupu uziweke ncha moja, na barua ncha ya pili, umbali sawa kutoka katikati. Upande wa barua ukishuka, imepita gramu 20.

Kinachowaponza wengi ni picha. Chukua mfano wa familia iliyoko Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka wa 1992, inayomwandikia jamaa aliyehamia Australia. Bahasha ndogo ni karibu gramu 5 na karatasi mbili ni gramu 10, jumla 15. Wakitia picha tatu za ukubwa wa postikadi, kila moja karibu gramu 4, barua inafika 27. Picha moja tu ingepita.

Bahasha kubwa ya khaki, ambayo watu hutumia ili vyeti visikunjwe, hukaribia gramu 15 ikiwa tupu. Anayetuma vyeti halisi afadhali pia alipie rejista, ada inayoongezwa juu ya ile ya uzito, ili apewe stakabadhi yenye nambari ya kufuatilia.

Barua yenye stempu pungufu yaweza kurudishwa kwa mwenyewe. Ile ya ng'ambo yaweza pia kugongwa herufi T, alama inayotambuliwa na nchi wanachama wa Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern, Uswisi, mwaka wa 1874. Hapo anayeipokea ndiye hudaiwa kilichosalia.

Bei zenyewe hubadilishwa, kwa hivyo stempu zilizowekwa akiba tangu zamani huenda zisitoshe. Karani wa posta ndiye mwenye orodha inayotumika. Anwani ya anayetuma nayo iandikwe kikamilifu, sanduku la posta pamoja na nambari ya mji: Lodwar ni 30500, Kakuma 30501. Bila hiyo, barua iliyokwama haina pa kurudi.