Ukingo wa Ala

Masika yaliyopita ala ya kisu changu cha jikoni ilifunguka. Haikuachia kwenye mshono. Uzi uko imara mpaka leo. Iliachia ukingoni, tabaka zake zikaachana na kuvimba kama daftari lililoangukia kwenye ndoo. Alinishonea fundi viatu mmoja upande wa stendi ya zamani ya Ubungo, kazi ya asubuhi moja, na siku naichukua ilikuwa inang'aa kwa rangi ya viatu. Mng'ao ule ndio ulionidanganya. Rangi ya viatu ikipakwa ukingoni hulaza nyuzi za ngozi kwa wiki chache tu. Haizifungi.

Ngozi ina nyuso mbili tunazozijua: upande wa manyoya, uliobana na kuteleza, na upande wa nyama, ulio na vinyuzi. Kati yake kuna nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zimesokotana ovyo kwenda kila upande. Kisu kikipita hapo, kinazikata vichwa. Kata kamba ya katani kwa panga uone: urefuni haina neno, ila nchani inaanza kufumuka papo hapo. Ukingo wa ngozi ni ncha za maelfu ya kamba za namna hiyo, na maji hupenya humo upesi kuliko kupita usoni.

Mkanda wa suruali unaweza kuvumilia hali hiyo. Ala haiwezi, kwa sababu ukingo wake una tabaka tatu: ngozi mbili za nje, na katikati kipande chembamba kinachozuia makali yasikate uzi. Baina yao kuna gundi. Maji yakiingia gundi inaachia, na hata isipoachia, unyevu unabaki ndani pamoja na chuma. Kwa hewa hii ya Dar, kisu kinashika kutu mahali usipopaona.

Sasa, kabla ya fundi kugusa ukingo, lazima ajue ngozi yake ilidabaghiwa kwa dawa gani. Pwani hii ilikuwa na dawa yake, magome ya mikoko. Enzi za Wajerumani magome ya delta ya Rufiji yalipakiwa melini kwenda Ulaya kwa kazi hiyo. Baadaye Njombe ikapandwa miwati, na kampuni ya Tanganyika Wattle iliyoanzishwa mwaka 1949 ikaishi kwa magome yake. Tanini ya magome hujaza nafasi kati ya nyuzi. Ngozi inakuwa nzito, ya kahawia mpaka ndani, na ukiilowesha na kuikunja inakubali umbo unaloipa. Chumvi za kromu, ambazo Augustus Schultz alizipatia hataza Marekani mwaka 1884, hufanya kwa muda mfupi kazi ambayo magome huifanya kwa wiki nyingi. Nyingi ya ngozi za viatu, mikoba na makochi duniani leo ni za kromu, na vipande vya mikoba na makochi ndivyo vinavyomfikia fundi wa Manzese au Mabibo. Ikate uitazame katikati: rangi ya samawati au kijivu ni dalili ya kromu. Ibonyeze ikiwa imelowa, inarudi kama sponji.

Ngozi ya magome ndiyo inayokubali kufungwa ukingo kwa kusuguliwa. Kwanza tabaka zisawazishwe kwa msasa, kuanzia namba 120, kisha 220, kisha 400. (Msasa, kabla haujawa karatasi ya dukani, ni mti ambao majani yake makavu mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Kwa ukingo wa ngozi yangefaa hata leo.) Pembe zinakatwa kidogo ili ukingo uwe wa mviringo, maana pembe kali hujikunja na kupasuka. Halafu maji kidogo, ya kulowesha tu. Ukiwa na gundi ya mgunga, ile inayokusanywa Singida, iyeyushe kwenye maji hayo. Kisha sugua kwa kipande cha turubai au kijiti laini, haraka, mpaka mkono uhisi joto. Joto na unyevu hulegeza nyuzi, mkono unazilaza, gundi inazishika. Baada ya dakika chache ukingo unageuka rangi na kuanza kuteleza kama pembe ya ng'ombe.

Hapo wengi huharakia nta. Nta ya nyuki huyeyuka karibu nyuzi joto 63, na ngozi ya magome iliyolowa huanza kusinyaa kati ya 70 na 85. Nafasi iliyobaki hapo ni ndogo mno kwa mtu anayepasha kijiko kwenye jiko la mkaa. Ukingo ukauke kwanza, hata kama ni kuulaza usiku kucha, ndipo upewe nta ya moto na kusuguliwa tena.

Ngozi ya kromu utaisugua mpaka jioni na nyuzi zitasimama tena. Dawa yake ni kuificha: rangi nzito ya ukingo kwa tabaka kadhaa, au kuukunja ndani, au kuuvisha ukanda mwembamba na kuushona. Wala kuficha si aibu. Ala nyekundu za sime wanazovaa walinzi wa Kimasai kule Kimara na Mbezi ni ngozi iliyovishwa juu ya vibao, mshono ukiwa upande mmoja, hivyo ukingo wa kushughulikia ni mdogo. Ala ya jambia la Oman na Zanzibar nayo imefunikwa ukingo wake kwa fedha na nyuzi. Mafundi hao waliepuka tatizo tangu kwenye umbo, na mimi naona hilo ni werevu kuliko msasa wote wa mjini.

Nilimrudishia fundi ala yangu. Aliikata kipande kidogo kwa wembe, akanionyesha katikati: samawati. Akakiri kwamba kilikuwa kipande cha kochi. Bahati yangu, mshono aliupitisha milimita 5 kutoka ukingoni, kwa hiyo palikuwa na nyama ya kupunguza. Aliondoa milimita 2 zilizovimba, akatia gundi upya, akavisha ukanda wa ngozi ya mbuzi na kuushona kwa uzi wa viatu. Imekuwa nene, rangi hazifanani, na mke wangu anasema inafanana na kandambili iliyotiwa viraka. Vuli imepita juu yake na haijafunguka.