Alvin York: Mkulima Aliyerudi Shambani (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia Juni 5, 1917, siku Alvin York alipojaza fomu ya kuandikishwa jeshini na kueleza humo kuwa hataki kupigana. Hakuwa mwoga. Alikuwa ameokoka, ameacha pombe na ugomvi wa vilabuni, na aliposoma "usiue" alielewa hivyohivyo ilivyoandikwa.

Jeshi la Marekani halikumsikiliza. Kambini Georgia, hata hivyo, alikuta wakubwa wawili waungwana, Kapteni Danforth na Meja Gonzalo Edward Buxton. Wangeweza kumtia ndani. Badala yake walikaa naye na Biblia mkononi, aya kwa aya, kisha wakampa ruhusa aende kwao Pall Mall, Tennessee, akafikiri. Akapanda mlimani kuomba. Aliposhuka, alirudi kambini.

Sasa tuje Oktoba 8, 1918, karibu na kijiji cha Chatel-Chéhéry, msitu wa Argonne, Ufaransa. Askari 17 walizunguka nyuma ya Wajerumani na kuteka kundi lao, mara bombomu za mlimani zikawageukia. Sita wakafa, watatu wakajeruhiwa. York, wakati huo koplo tu, akabaki mbele na bunduki yake, akilenga kila kichwa kilichoinuka. Kwao walishindana kulenga kichwa cha bata mzinga aliyefungwa nyuma ya gogo. Alikulia katika shabaha hiyo.

Kisha Wajerumani sita wakamkimbilia na singe. York akatoa bastola, akaanza na wa nyuma kabisa, akija mbele mmoja mmoja. Ndivyo walivyowinda bata mzinga wa porini: ukianza na wa mbele, walio nyuma watamwona akianguka na kutawanyika, ukianza na wa nyuma, wa mbele hana habari. Ujuzi huo hakufundishwa na jeshi. Aliutoa kwenye vichaka vya kwao, alikowinda ili mama na wadogo zake wapate kitoweo, hasa baada ya baba yao kufariki mwaka 1911.

Siku hiyo mateka walifika 132. Aliwarudisha pamoja na wenzake saba waliobaki wazima, na ni dhuluma kuwasahau watu hao, kama simulizi nyingi zinavyofanya.

Mei 1919 jiji la New York lilimpokea kwa shangwe, na wafanyabiashara wakamfuata wakitaka jina lake litangaze bidhaa zao. Alikataa. Juni 7 alimwoa Gracie Williams, binti wa jirani, gavana wa Tennessee mwenyewe akifungisha ndoa. Shamba aliloahidiwa kama zawadi lilikuja na deni, kwani michango haikutimia, naye akalilipia huku bei za mazao zikianguka.

Kwangu mimi, York mkubwa ni yule wa miaka hiyo. Yeye mwenyewe hakupata hata mwaka mzima wa darasani, na huko ng'ambo aliona wazi alichonyimwa. Akazunguka nchini akihutubia na kuchangisha, hata akaweka shamba rehani, mpaka watoto wa milima ile wakapata shule ya sekondari mjini Jamestown. Ipo hadi leo. Filamu ya maisha yake, iliyotoka 1941, aliikubali baada ya kukataa miaka mingi, kwa kuwa alitaka fedha za kujenga shule ya Biblia. Fedha hizo zilimletea deni la kodi lililomsumbua karibu mpaka kifo chake, Septemba 2, 1964, akiwa na miaka 76, mwili umedhoofishwa na kiharusi.

Amezikwa Pall Mall. Yeye na Gracie walipenda kuwapa watoto wao majina ya watu waliowaheshimu. Mwana wao mmoja walimwita George Edward Buxton York, kwa heshima ya yule meja aliyekaa na babake kuijadili Biblia, ingawa jina la kwanza la meja huyo lilikuwa Gonzalo, si George.